Sura ya Saba: Mdomo Mpya wa Mama Ardhi

Kichwa cha puma kilikuwa kimetema maji kwa miaka mia tano na ushei bila kumwomba mtu ruhusa, na alfajiri ya tarehe mosi Agosti kikatoweka. Kesho yake, saa nne na robo asubuhi, Inspekta Eduviges Llamocca alikuwa amepiga magoti mbele ya tundu lililobaki ukutani, mkono wake wa kuume umezama humo hadi kwenye kiwiko, maji ya baridi yakimmwagikia kifuani.

"Mkuu, utaumwa na nyoka," alisema Sajini Baltazar Roldán.

"Mita elfu nne juu, Sajini? Nyoka gani huyo aliyevaa koti?"

Sajini hakuwa na pumzi ya kubishana. Alikuwa mtu wa pwani, mzaliwa wa Lima, na tangu washuke garini alikuwa akihema kama aliyepanda mlima na gunia la viazi mgongoni. Wanakijiji walimpa majani ya koka atafune, akayatafuna huku uso umemkunjamana, daftari wazi mapajani.

"Andika," Eduviges alimwambia. "Jiwe limeng'olewa kwa mtalimbo. Alama mbili tu, safi. Hakuna jiwe la jirani lililopasuka. Huyu hakubahatisha. Alijua kichwa kimekaaje ukutani."

"Mlinzi anajua kimekaaje," alisema Sajini. "Amekiangalia miaka ishirini na sita."

Hapo ndipo shauri lote lilipokuwa limesimama. Mzee Saturnino Ttupa, mlinzi wa magofu ya Pumapakcha, ndiye pekee mwenye ufunguo wa uzio, na gunia lake la sufu ya lama lilikutwa limetupwa hatua kumi kutoka kwenye chemchemi. Polisi wa wilaya walimtia pingu jioni ileile. Saa tisa alasiri gari la mwendesha mashtaka lingekuja kumchukua hadi gereza la Cusco, na kesi za mawe ya kale huko mjini huchukua miaka mitatu, minne. Mzee alikuwa na miaka sabini na moja. Hakuwa na minne ya kutupa.

"Hebu nipe hilo gunia," alisema Eduviges.

Alilitoa kwenye mfuko wa ushahidi, akaligeuza nje ndani, akalipiga kofi. Unga mweupe wa viazi vikavu ukamrukia Sajini puani, akapiga chafya tatu.

"Umeona nini?"

"Nimeona nyota, Mkuu."

"Hicho kichwa kimelowa tangu enzi za Wainka. Kina ukoge kila mahali. Ukikitia humu, gunia litalowa chapachapa na kubaki na kijani. Hili ni kavu, na unga wa viazi umo vilevile. Hili gunia halijabeba jiwe hata dakika moja. Limewekwa hapa ili sisi tulione."

Mwanamke aliyekuwa amesimama nyuma yao alicheka kwa sauti ya chini. Huyu alikuwa Teófila Yauri, mwenyekiti wa kijiji cha Chakipata, mama wa miaka sitini mwenye kofia nyeupe ndefu, ambaye hakuwa ameacha kusokota uzi tangu walipofika. Pia lake la kusokotea linazunguka mkononi, macho yanatazama kwingine.

"Jana niliwaambia hivyohivyo polisi wa wilaya," alisema. "Wakaniambia mama nenda kapike."

"Mama Mwenyekiti, jiwe limetoka kijijini?"

"Litoke na nini? Barabara ni moja na daraja ni moja. Saturnino mwenyewe ndiye aliyepuliza pembe jua lilipochomoza, na kabla sijavaa hata viatu, sungusungu walikuwa wamefunga daraja. Hawajalifungua mpaka sasa. Nyumba zote tumepekua, na mashimo ya viazi, na mazizi. Mpaka jeneza la babu Huaman alilojiwekea akiba darini."

"Basi lipo hapahapa," alisema Eduviges, akasimama na kukamua mkono wa koti.

*

Walimkuta Mzee Saturnino katika shule ya kijiji, kwenye darasa alimofungiwa, ameketi kwenye kiti cha mtoto wa darasa la kwanza, magoti yanakaribia kidevu. Alipowaona alisimama, akavua kofia kwa mikono miwili kwa sababu pingu hazikumpa nafasi ya kutumia mmoja.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Maji bado yanatoka?"

"Yanatoka."

"Ahsante Mungu. Niliogopa wameharibu mfereji."

Eduviges alivuta kiti kingine cha mtoto, wakakaa uso kwa uso. Moyo ulimuuma kumwona vile, lakini alifungua daftari.

"Jana alfajiri ulikuwa wapi?"

"Zizini kwangu. Namlisha Mama Ardhi, kama kila mtu. Tarehe mosi Agosti ardhi inaamka na njaa, wewe si mgeni wa mambo hayo. Nasikia lafudhi yako."

"Nimezaliwa huku milimani, Mzee. Nani alikuona?"

"Mke wangu alitangulia. Watoto wako Arequipa. Waliniona lama kumi na mmoja."

"Lama hawatoi ushahidi."

"Wangetoa, wangesema kweli kuliko watu."

Sajini alikohoa kuficha kicheko.

"Nani alijua gunia lako liko kwenye kibanda cha ulinzi?"

"Kila aliyewahi kuingia kunywa chai. Yaani kijiji kizima, na watalii, na mbwa wao."

"Unamshuku nani?"

Mzee aligeuzageuza kofia mikononi. "Agosti mtu hataji jina la mwenzake kwa ubaya, binti yangu. Ardhi iko macho, inasikia. Ukisema uongo juu yake mwezi huu, inakukumbuka. Mimi sijui, basi siwezi kusema."

Nje ya darasa, Sajini alifunga daftari. "Hajatusaidia kitu."

"Ametusaidia sana," alisema Eduviges. "Hebu fikiri kama mwizi. Una jiwe la kilo arobaini na saa moja mkononi. Pembe inalia, daraja linafungwa. Unajua watapekua kila mahali. Utaficha wapi?"

"Mahali wasipoangalia."

"Hapana. Wataangalia kila mahali. Utaficha mahali ambapo hawawezi kuchimba."

*

Rómulo Anco alikuwa akifuta vumbi kwenye basi lake dogo la watalii, miwani ya jua kwenye paji la uso, picha ya binti yake mdogo imebandikwa kwenye kioo cha mbele, jina la kampuni yake limetariziwa kwenye koti. Alikuwa mtoto wa Chakipata aliyehamia Cusco na kurudi na biashara: matembezi ya siku moja, kwa wageni waliochoshwa na foleni za magofu maarufu. Ni yeye aliyeijulisha dunia kwamba kuna Pumapakcha. Kijiji kilimpenda, na yeye alipenda kupendwa.

"Mkuu wangu! Nikomboeni jamani. Gari langu wamelipekua mara tatu. Sungusungu wametoa mpaka upepo kwenye tairi la akiba, eti puma asije akawa amejificha humo!"

"Pole sana. Ulikuja lini?"

"Juzi jioni. Agosti mosi mtu halali mjini, anarudi kwao."

"Na jana alfajiri?"

"Nilimlisha Mama Ardhi, kuna nini kingine? Nilifanya kubwa safari hii. Biashara mpya, mdomo mpya. Njooni mwone."

Aliwapeleka mwenyewe, akiwa na fahari ya mtu anayeonyesha nyumba aliyojenga. Ilikuwa kwenye tuta la tatu la mawe, hatua sitini tu kutoka kwenye chemchemi: duara la mawe meupe, maua mekundu, vipande vya karatasi za rangi, na katikati jivu juu ya udongo ulioshindiliwa. Kijijini pote siku ile kulikuwa na midomo kama hiyo, mmoja kwa kila ukoo. Humo ndimo hutiwa mafuta ya lama, peremende, koka na mahindi, vikachomwa na kufukiwa, na baada ya hapo hakuna mkono unaogusa mpaka mwaka mwingine.

"Kuna sepetu hapa?" aliuliza Sajini.

Rómulo alicheka mpaka miwani ikamdondokea puani. "Gusa uone, kaka! Mwezi huu? Watakutupa mtoni na sare yako."

"Msamehe," alisema Eduviges, akimvuta Sajini kola. "Huyu ni mtu wa samaki."

Alichuchumaa nje ya duara kama anayetoa heshima. Jivu lilikuwa jeusi, na ndani yake kulikuwa na vipande vya mavi ya lama, kuni za huko milimani, vilivyoungua nusu. Alivuta pumzi polepole. Mafuta ya taa. Akainuka, akanyoosha mgongo, akatembea hadi ukingoni mwa tuta kana kwamba anatazama bonde. Chini ya ukuta wa mawe, mahali ambapo mtu hupita mara moja kwa mwaka, kulikuwa na fungu la udongo uliomwagwa karibuni. Udongo wa juu wa matuta yale ni mweusi. Huu ulikuwa mwekundu kama tofali.

"Mandhari nzuri," alisema.

"Wageni wangu hulia wakifika hapa," alisema Rómulo.

*

"Mdomo wa ukoo wa Anco uko wapi, Mama?"

Teófila alielekeza kwa kidevu. "Zizini kwa marehemu mama yake, ukuta mmoja na kwangu. Mwaka huu haukufunguliwa. Nikasema, ah, vijana wa mjini, wamesahau kwao."

"Mtu anaweza kufungua mdomo mpya?"

"Mdomo unarithiwa, mwanangu, haununuliwi. Lakini nani atasimama kumzuia mtu anayetaka kumlisha Mama?"

"Mnachimba kina gani?"

Mwenyekiti alipima kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole.

"Mnafika kwenye udongo mwekundu?"

"Mwekundu uko chini, kina cha kiuno. Huko ni kaburi."

"Na mafuta ya taa mnatumia?"

Pia lilisimama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nani anamwandalia mgeni wake chakula kinachonuka mafuta ya taa?"

Eduviges alifungua kiganja, akamwonyesha udongo mwekundu aliokwenda kuuchota chini ya ukuta wa tuta. Alieleza kwa maneno machache: jivu na mahindi vikifukiwa, udongo wote hurudi mahali pake. Udongo ukibaki nje, ujue shimoni kuna kitu kilichochukua nafasi yake. Hapa lilibaki fungu zima, la ukubwa wa kichwa cha puma.

Teófila alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Najua unachotaka kuomba. Siwezi."

"Mama, saa tisa wanamchukua mzee."

"Na kama umekosea? Kama Rómulo ni mjinga tu aliyewasha moto kwa mafuta kwa kuwa mavi yaliloa? Utakuwa umemnyang'anya Mama tonge mdomoni, mwezi wa Agosti. Mvua isipokuja, wewe utakuwa Cusco, sisi tutakuwa hapa tunatafuna mawe. Hakuna mtu Chakipata atakayeshika sepetu, na mimi wa kwanza."

Eduviges hakukasirika. Mama yake mwenyewe angemfukuza na mwiko kwa ombi kama lile. Aliangalia saa: saba na nusu.

"Basi siombi sepetu," alisema. "Naomba chicha. Na mmwache Mzee Saturnino aage."

*

Saa nane kijiji kizima kilikuwa kwenye tuta la tatu. Mtungi wa chicha, ile pombe yao ya mahindi, uliletwa na akina mama wawili, ukawekwa kando ya duara la mawe meupe. Mzee Saturnino aliletwa na Sajini, pingu mikononi, na watu wakampisha kwa aibu. Wengine walimwamini, wengine hawakumwamini, na wote walishakula nyumbani kwake.

"Mzee anaondoka," alisema Mwenyekiti Teófila. "Mlinzi haondoki bila kumuaga Mama. Ataagia hapa, kwenye mdomo mpya kuliko yote, kwa hisani ya mwanetu Rómulo."

"Hakuna shida," alisema Rómulo. "Karibuni." Lakini mkono wake ulikwenda kwenye miwani, ukaishusha machoni.

Mzee alipiga magoti. Alichagua majani matatu ya koka yaliyo mazima, akayapanga uso juu, akayapulizia kuelekea mlimani, akayaweka juu ya jivu. Kisha akapokea kikombe cha mti. Eduviges alikuwa hajamwambia la kusema. Hakuhitaji.

"Mama," alisema Mzee Saturnino, na sauti yake ilikuwa imara. "Miaka ishirini na sita nimefagia mlangoni kwako. Kama ni mimi niliyeling'oa jiwe lako, nimeze. Kama ni mwingine, mmeze yeye, na kizazi chake kisipate maji. Umekula hapa, umesikia hapa."

Akamimina nusu juu ya jivu, akanywa nusu. Kikombe kikazunguka, na kama ada ilivyo, kila aliyekipokea alirudia maneno yaleyale, akamimina, akanywa. Mwenyekiti alirudia. Babu Huaman alirudia kwa ufizi usio na meno. Hata Eduviges alirudia, na nywele zilimsimama. Sajini alirudia pia, akimimina zaidi na kunywa kidogo.

Kikombe kikamfikia Rómulo Anco.

Alikipokea kwa mikono yote miwili. "Mama," alianza. Akasita, akageuka kidogo, na chicha ikamwagika hatua mbili kando ya duara.

"Umekosea, mwanangu," alisema Teófila. "Mdomo ni huu."

"Ameshakula. Ameshiba."

Akina mama waliguna. Agosti Mama hashibi, hata mtoto wa Chakipata anajua.

"Mjazeni kikombe," alisema Eduviges taratibu. "Huenda mkono uliteleza. Sema tu maneno, kaka. Ni mdomo wako mwenyewe, ulimfungulia wewe. Una mtoto wa kike Cusco, sivyo? Mwombee na yeye maji."

Hakuna aliyemshika. Njia ya kwenda kwenye gari ilikuwa wazi nyuma yake. Mtu wa Lima angesema yale maneno, akafuta midomo, akaenda zake. Mtu wa ng'ambo angeyasema na kupiga picha. Rómulo alikuwa amewadanganya polisi wa wilaya bila kupepesa jicho, na alikuwa tayari kumwacha mzee akaoze gerezani. Lakini alizaliwa kwenye tuta lile, na ardhi ilikuwa macho. Alikiinamisha kikombe juu ya duara, akakirudisha haraka, chicha ikamlowesha mikono.

"Msimwombe hapa," alisema hatimaye. Ilikuwa sauti ya mtoto. "Si mdomo. Ni shimo tu."

Umati ulisogea hatua moja mbele.

"Mmesikia?" alipaza sauti Mwenyekiti Teófila, na pia lake likaanza kuzunguka upya. "Amesema mwenyewe ni shimo! Shimo halina mwiko! Leteni sepetu!"

Zilikuja sepetu sita, zikafuatwa na majembe na mikono mitupu. Udongo mweusi uliruka, ukafuata mwekundu, na kina cha kiuno sepetu ya babu Huaman ikagonga kitu. Walikisugua kwa mashati yao. Sikio moja likatokea, kisha jicho, kisha lile domo lililoachama ambalo kila mtu wa Chakipata alikuwa amenywea tangu utotoni. Kelele iliyopanda pale ilisikika hadi darajani, na sungusungu walioko huko wakajibu kwa pembe bila hata kujua sababu.

"Za mwizi arobaini," alisema Sajini Baltazar, pumzi zimemrudi ghafla. "Huyu hakufika hata mbili."

Alifungua pingu za Mzee Saturnino, na kwa hatua tatu akawa amezifunga kwenye mikono iliyolowa chicha. Rómulo hakupinga. Alikiri kwamba alichonga nakala ya ufunguo wa uzio siku alizokuja kunywa chai kibandani, akataja mwenyewe jina la mnunuzi aliyekuwa akingoja mjini, na Eduviges akaliandika kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Puma alirudi kwake akiwa amebebwa mabegani na wanaume wanne, ngoma mbele, filimbi nyuma, akina mama wakimrushia maua yaleyale mekundu waliyoyaokota kwenye duara la uongo. Mbele ya wote alitembea Mzee Saturnino akisugua vifundo vya mikono. Alielekeza kwa kidole tu: kushoto kidogo, inua, sasa sukuma. Jiwe likaingia kwenye tundu lake. Maji yalisita, yakakusanyika nyuma ya meno, kisha yakatoka kwa kishindo na kuwalowesha waliosimama mbele. Wazee walilia waziwazi. Eduviges alilia pia, na hakujisumbua kusingizia maji.

Saa tisa kamili gari la mwendesha mashtaka liliruhusiwa kuvuka daraja. Dereva alishuka na karatasi mkononi, akamwangalia Rómulo, akaiangalia karatasi tena.

"Inspekta, hapa imeandikwa mzee wa miaka sabini na moja. Huyu si mzee. Mzee yuko wapi?"

Eduviges alichukua ile karatasi, akalikata jina kwa kalamu na kuandika lingine juu yake.

"Mzee yuko kazini," alisema.